Nyuzi za mbao kwenye bunduki ya askari wa mfano: mbona bado naona plastiki?

Koplo wa Karatasi #1

Wakuu, salaam.

Nina sanamu ya askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki), Burma 1944, skeli ya 1/16, yaani ndogo mara 16 kuliko mtu halisi. Kofia pana, sare ya kijani cha msituni, bunduki ya Kiingereza, Lee-Enfield, ameishika mbele ya kifua. Uso umekubali, mikono imekubali, nguo imekubali. Kilichogoma ni mbao ya bunduki.

Nilianza na hudhurungi hafifu chini, nikachora nyuzi kwa brashi nyembamba na rangi ya maji iliyokolea, nikafunga kwa vanishi. Nyuzi zinaonekana vizuri tu. Lakini kila nikiigeuza sanamu naona plastiki iliyochorwa mistari. Mbao siioni.

Dai langu ni hili: wengi wetu tunachora mbao ya kichwani, ile ya meza na kabati, tukaibandika kwenye silaha. Mbao ya bunduki ina tabia zake. Swali: ni kitu gani hasa kinacholifanya jicho likubali kuwa hii ni mbao? Mistari, rangi, au mng'ao?

Picha mbili ziko hapo chini. Naomba mseme ukweli.

Brashi Sifuri #2

Koplo, hongera kwa uso. Macho yanatazama mahali, si kila mtu anafika hapo.

Ila kitako ni pundamilia, sikufichi. Kuza picha ya pili, angalia kuanzia bamba la chuma la nyuma ya kitako mpaka kwenye shingo. Mistari yote ina unene mmoja na nafasi moja, na yote imetoka huku ikafika kule bila kukatika. Kwenye mbao uzi unakolea, unafifia, unapotea, halafu unaibuka mbele kidogo. Pengine panabaki patupu kabisa.

Mimi hutumia kahawia tatu tofauti, nazichuja kwa maji hadi rangi ya chini ionekane kupitia ile ya juu. Ule mstari mweusi kabisa nauweka mwisho, mmoja au miwili kwa upande mzima, basi. Kwangu jibu ni mpangilio wa mistari. Rangi na mng'ao ni nyongeza.

Skeli Kwanza #3

Napingana na wote wawili. Mnabishana jinsi ya kuchora kitu ambacho hakitakiwi kuchorwa.

Tupige hesabu. Sanamu ya 1/35 ukiishika sentimita 30 kutoka machoni, ni sawa na kumtazama askari halisi aliye mita kumi na nusu mbele yako. Kwa 1/16 ya Koplo ni karibu mita tano. Kwa 1/72 ni mita ishirini na moja na ushei. Lee-Enfield fupi ina urefu wa sentimita 113. Kwa 1/35 hiyo ni milimita 32, na kitako peke yake hakifiki sentimita moja. Vitundu vya mbao ya mti wa jozi (walnut) havifiki hata nusu milimita kwenye bunduki yenyewe. Gawanya kwa 35 halafu uniambie ni brashi gani itachora hicho.

Nenda kasimame mita kumi kutoka kwa mlinzi yeyote mwenye bunduki ya kitako cha mbao. Utaona kahawia, utaona mng'ao kidogo mgongoni mwa kitako. Nyuzi huoni. Kwa hiyo bunduki ya Koplo inaonekana bandia kwa sababu ya nyuzi zenyewe.

Nai_Modela #4

Niaje wasee. Skeli Kwanza, hesabu yako iko sawa kabisa ila imeacha mwanga nje.

Bunduki ya kweli iko juani. Jua lile lile linapiga kitu cha zaidi ya mita moja, kina kingo, kina mashimo, kinajitupia kivuli chenyewe. Hii yetu ina sentimita saba na iko chini ya taa ya sebuleni. Ndiyo maana tunachora kivuli ndani ya mikunjo ya shati ingawa shati la plastiki lina mikunjo tayari. Tunachora mwangaza kwenye pua. Hakuna anayelalamika. Ukishakubali kivuli cha mkunjo, utakataaje uzi wa mbao?

Hii mambo si mpya. François Verlinden, yule fundi wa sanamu za mfano Mbelgiji, alieneza sana ile staili ya kutia rangi nyembamba kwenye mabonde na kupitisha brashi kavu kwenye vilele, miaka ya 1980 huko. Watu walisema amezidisha. Leo kila mtu anafanya.

Na wewe usiende kumkodolea mlinzi bunduki yake mita kumi. Utatupigia simu ukiwa kituoni.

Tezo na Randa #5

Habarini vijana. Mimi si mchora sanamu, mwanangu ndiye anayejaza meza vifaru na ndiye aliyenionyesha mjadala huu. Mimi ni seremala, Keko hapa, mbao nimeshika maisha yangu yote. Nimeangalia picha za huyu Koplo kwa kioo cha kukuzia.

Kijana, umeifanya mistari ifuate umbo la kitako. Kitako kinapopinda, na mistari yako inapinda nacho. Hilo ndilo kosa. Mbao haifuati umbo, umbo ndilo linaloikata mbao. Fundi amechukua ubao ulionyooka, nyuzi zake zimelala kwa urefu, halafu akauchonga. Pale alipochonga mviringo akakata tabaka la mwaka moja baada ya jingine, na kila tabaka likatoka nje kwa upinde wake. Ndiyo maana ubavuni mwa kitako unaona matao, moja ndani ya jingine, yamechongoka upande mmoja. Ukigeuza ukatazama mgongo wa kitako, matao hamna, kuna mistari iliyonyooka tu. Ubavu na mgongo haviwezi kufanana, maana ni ubao ule ule umekatwa pande mbili.

Pili, shingo, pale mkono unaposhika nyuma ya kifyatulio. Hapo fundi mwenye akili anachagua ubao ambao nyuzi zinapita na shingo kwa urefu. Nyuzi zikiikata shingo kwa mshazari, siku bunduki ikianguka inavunjika papo hapo. Kwa hiyo shingoni chora nyuzi zinazoenda sawa na shingo, usicheze nazo.

Tatu, mikono. Jasho na mafuta ya miaka yanaingia shingoni na pale mkono wa kushoto unaposhika. Hapo mbao inakuwa nyeusi na laini, nyuzi zinakufa. Zilizobaki wazi ni za katikati ya ubavu.

Jozi ya Ulaya sijaichonga mimi. Ila picha zake nikizilinganisha na mninga uliopakwa mafuta, naona undugu: kahawia yenye wekundu ndani, na michirizi myeusi isiyo na mpango. Kama mtu anataka kuona kitu kwa macho, apite kwenye karakana yoyote aombe kipande cha mninga, akipake mafuta ya kula, akitazame juani.

Koplo wa Karatasi #6

Shikamoo mzee Tezo. Hiyo ya ubavu na mgongo sijawahi kuisoma popote, ahsante sana.

Naomba niulize: bunduki yangu ina kitako na ina mbao ya mbele chini ya mtutu. Nyuzi zipite moja kwa moja kutoka nyuma mpaka mbele, au kila kipande na zake?

Tezo na Randa #7

Marahaba. Hapo mpaka ujue imetengenezwaje. Kama ni ubao mmoja, nyuzi zinapita. Kama ni vipande viwili, kila kimoja kimetoka kwenye mti wake.

Bolti na Singe #8

Hapo ndipo pangu.

Lee-Enfield ni vipande viwili, mzee Tezo amegusa penyewe. Kitako kimeingizwa kwenye tundu la chuma nyuma ya bolti, kile chuma kinachovutwa kuingiza risasi, na mbao ya mbele inaanzia upande wa pili wa chuma hicho. Juu ya mtutu kuna mbao nyingine nyembamba ya kukinga mkono na joto. Kwa hiyo una vipande vitatu au zaidi, na kila kimoja kinaweza kuwa na rangi yake, hasa ikiwa bunduki imepita kwa fundi wa jeshi na kubadilishwa kitako. Koplo, ukitaka jicho liamini, tofautisha kitako na mbao ya mbele kwa kukoleza rangi hatua moja tu. Watu wengi wanapaka kote sawa.

Mauser, bunduki ya Mjerumani, ni kinyume, ubao mmoja kutoka bamba la nyuma hadi karibu na mdomo wa mtutu. Huko nyuzi lazima ziungane.

Sasa marekebisho kwa #3. Mkuu umechukulia Lee-Enfield zote ni jozi. Jozi ilikuwa ya kwanza, lakini vita ilipokula mbao wakachukua na miti mingine: mti wa bichi (beech) wa Ulaya, na betula (birch). Kiwanda cha Lithgow, Australia, kilitumia miti ya kwao ya Queensland na New South Wales, myekundu zaidi. Bichi haina michirizi mirefu kabisa. Ina vidoa vifupi vya kahawia vilivyotawanyika kwenye mbao ya rangi hafifu. Betula karibu haina kitu, tambarare. Bunduki za Mrusi, Mosin-Nagant, nyingi ni betula iliyopakwa shelaki, aina ya vanishi ya utomvu, ndiyo ule wekundu wa machungwa unaouona.

Na Kar98k, Mauser fupi ya Mjerumani, nyingi kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930 ni tabaka nyembamba za bichi zilizogandishwa kwa gundi. Kilichomvutia ni kwamba haipindi kwa unyevu na haihitaji mbao kukaushwa miaka. Huko ubavuni unaona mizunguko myembamba iliyofuatana, ile ya ramani ya milima. Ukichora michirizi ya jozi kwenye Kar98k ya 1943, ajuaye atakusimamisha.

Skeli Kwanza #9

Ahsante kwa sahihisho la miti, nimelipokea. Lakini unanipa nguvu. Kama betula haina nyuzi za kuonekana hata kwa bunduki iliyoko mkononi, wanaochora nyuzi kwenye Mosin ya 1/35 wanachora nini?

Brashi Sifuri #10

Wanachora mbao, mkuu. Mtazamaji akiona kahawia tupu anadhani umechoka ukaacha.

Bi Nakshi #11

Assalaam aleikum ndugu zangu. Mie niko Unguja, nachora sanamu za milimita 75 na 120. Naona mnazungumza mistari tu, hakuna alogusa rangi ya mafuta. Nisikilizeni kidogo.

Rangi ya maji inakauka kabla hujaamua. Ukiweka mstari umeshauweka. Rangi ya mafuta inakusubiri, na mbao inataka kusubiriwa.

Nafanya hivi. Msingi wa rangi ya maji, hafifu kuliko unavyodhani, rangi ya mchanga yenye umanjano. Naacha ukauke usiku mzima. Kesho yake nachukua tyubu mbili za mafuta za wachoraji wa turubai, Burnt Umber (kahawia nzito) na Burnt Sienna (kahawia yenye wekundu), natia tone tone juu ya kipande cha boksi la karatasi, natoka nakwenda zangu jikoni. Karatasi inanyonya mafuta yake, rangi inabaki nzito na kavu kidogo. Nikirudi napaka kitako chote, nyembamba, bila tapentaini. Kwa dakika chache kitako ni kibaya, mtu akikuona atakuhurumia.

Halafu nachukua brashi kuukuu, ile nywele zimeachana zimekakamaa, ndiyo nzuri. Naifuta kavu kabisa kwa kitambaa. Nairusha juu ya rangi kwa pumzi moja kutoka shingoni hadi bamba la nyuma, bila kukandamiza. Kila unywele unachukua rangi yake na kuacha rangi yake. Hapo nyuzi zinajitokeza zenyewe, nene na nyembamba, zilokatika na zilofifia, wala hukuchora hata mmoja. Nafuta brashi, narudia. Panapotakiwa tao la mzee Tezo, nageuza kifundo cha mkono kidogo katikati ya safari.

Sehemu za kushikwa, shingoni na mbele, nagusa kwa kidole kilovikwa kitambaa, nyuzi zinaungana zinakuwa giza moja. Kisha kaa nayo mbali siku mbili tatu.

Hivo kwangu mie jibu la Koplo si mistari wala rangi. Ni kwamba nyuzi zake zimekaa juu ya mbao. Zinatakiwa zitoke ndani, msingi uonekane katikati yake.

Nai_Modela #12

Bi Nakshi heshima. Hiyo ya boksi kunyonya mafuta nimeijaribu, inasaidia pia kukauka haraka.

Swali moja tu, vumbi? Hapa Nairobi nikiacha kitu cha mafuta siku tatu nakuta nywele za paka.

Bi Nakshi #13

Ifunike na bakuli, mwanangu. Na paka mfunike.

Brashi Sifuri #14

Kwa heshima zote Bi Nakshi, mafuta yanang'aa. Hata ukinyonya kwenye boksi, kuna mng'ao wa hariri unabaki. Ndio maana mimi nimebaki na rangi ya maji.

Bolti na Singe #15

Lakini bunduki ya Mwingereza ilikuwa ya mafuta! Mbao ililowekwa kwenye mafuta ya mbegu za kitani na askari akaendelea kuisugua kwa mafuta hayo hayo. Mng'ao wa hariri ndio wenyewe. Garand, bunduki ya Mmarekani, nayo ilianza na kitani, baadaye wakahamia mafuta ya mbegu za mti wa tung wa China. Kinachoua ukweli ni vanishi butu iliyonyunyizwa juu ya sanamu nzima. Nguo inakuwa butu, sawa, na bunduki nayo butu hivyo hivyo. Ndipo jicho linaona plastiki moja yenye rangi nyingi.

Kwa hiyo Koplo, mimi naweka kura yangu kwenye mng'ao.

Pwani Unyevu #16

Hapo kwenye vanishi naomba niingie. Niko Tanga. Wakati wa masika vanishi ya kopo la kupulizia inaniachia ukungu mweupe kwenye sehemu zote nyeusi, na mbao ya bunduki ndiyo inaathirika kwanza. Picha ya Koplo ya kwanza nikiitazama naona ukungu kidogo karibu na bamba la nyuma. Huenda nyuzi ni nzuri, vanishi imezifukia.

Koplo wa Karatasi #17

Niko Dar, na ndiyo, nilipulizia mvua ikinyesha. Sikuhusisha.

Pwani Unyevu #18

Dawa yangu ni kutopulizia kabisa kabla ya jua kutoka vizuri. Kimiminika cha kopo kinapogeuka mvuke kinapoza uso wa sanamu, unyevu wa hewa unakuwa matone juu yake, ndio huo weupe.

Nai_Modela #19

Inaweza kuwa pia kopo halikutikiswa vya kutosha. Ule unga unaofanya vanishi iwe butu unakaa chini. Nairobi hatuna unyevu wa Tanga na bado nimeona weupe.

Pwani Unyevu #20

Inawezekana. Ila ukungu wangu ukipakwa vanishi ya maji yenye kung'aa juu yake, unaondoka. Unga usingeondoka.

Nai_Modela #21

Unga pia hupotea ukipakwa ya kung'aa, boss. Kitu chochote chenye mikwaruzo kikijazwa kinakuwa wazi.

Mgeni Skelini #22

Samahani wakuu, mimi ni mgeni. Si rahisi kwenda kuangalia ile Sanamu ya Askari pale Samora, Dar? Ana bunduki na singe, tunapata kipimo cha kweli.

Bolti na Singe #23

Karibu sana. Kwa umbo, mikanda na mkao wa mwili, nenda, ni darasa zuri, iko pale tangu 1927. Nairobi nayo ina ya kwake. Ila ni shaba iliyomwagwa kwenye kalibu. Mtutu na mbao ni rangi moja, nyuzi hamna.

Mwarubaini Maskati #24

Salaam kutoka Maskati. Ninayo ya kuwaongezea, maana huku silaha za kale bado tunaziona mikononi mwa watu.

Kwenye harusi na sikukuu wazee hutoka na bunduki za Martini-Henry. Bandari hii ilikuwa soko kubwa la silaha mwishoni mwa karne ya 19, na zimebaki majumbani. Nyingi zimefungwa pete za fedha kwenye mtutu. Nimesimama karibu nazo sana, karibu kuliko mita tano za Skeli Kwanza. Mbao imelewa mafuta hadi inakaribia weusi. Ukiitazama kivulini ni giza tupu, huoni uzi. Mzee akiigeuza jua likapiga kwa ubavu, nyuzi zinatokea kwa nukta moja zikiwa za dhahabu, kisha zinapotea.

Kwa hiyo wote mko sahihi kutegemea jua liko wapi. Mimi ningechora nyuzi upande mmoja tu wa kitako, ule unaopata mwanga, na upande wa pili niache giza.

Skeli Kwanza #25

Hili la Maskati ndilo bandiko la kwanza lililonifanya nifikirie. Lakini ni Martini ya zaidi ya miaka mia, imepakwa mafuta na vizazi. Bunduki iliyotoka kiwandani juzi ikapewa askari 1944 haiwezi kuwa hivyo.

Bolti na Singe #26

Askari wa KAR wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki walishuka Bonde la Kabaw, Burma, katika mvua za monsuni za 1944. Mbao iliyokaa kwenye matope na mvua miezi kadhaa haibaki mpya, hata kama ilitoka kiwandani juzi.

Lubum 54 #27

Bandugu, jambo. Miye niko Lubumbashi, natengeneza askari wa Force Publique, jeshi la Wabelgiji la Kongo, waliofika Tabora 1916, sanamu za madini ya risasi za milimita 54. Ninyi munasumbuka na rangi. Mbona hamutumie mbao yenyewe? Natoa kitako cha risasi, nachonga kingine kwa kipande kidogo cha mti. Mbao inafanana na mbao, mambo imekwisha.

Tezo na Randa #28

Ndugu yangu wa Lubumbashi, kazi nzuri, lakini mti gani? Mbao nayo ina skeli yake. Ukichukua mninga ukachonga kitako cha sentimita moja, vitundu vyake vinaonekana kwa macho, na kwa kitako hicho vitakuwa mapango. Mvule ndio usiseme. Unataka mti wenye nyuzi zilizobana kabisa. Mpingo umebana, lakini ni mweusi na unakula kisu. Labda ule mzunguko wa nje wa mpingo, sehemu ya njano nyeupe ambayo wachongaji wanaitupa. Hiyo ukiipata kavu inachongeka, halafu unaipaka rangi unayotaka.

Lubum 54 #29

Aksanti baba. Miye nilitumia mti wa mpera, ulikuwa muzuri tu. Ile ya mpingo nitaitafuta.

Brashi Sifuri #30

Waunda meli za mfano Ulaya wanatumia mti wa peasi kwa sababu hiyo hiyo. Mpera sijausikia, weka picha.

Mgeni Skelini #31

Nimejifunza mengi. Na masanduku ya risasi je? Nina kijumba cha walinzi na masanduku matatu ya mbao nje. Nichore nyuzi vile vile?

Bi Nakshi #32

Masanduku ni habari nyengine. Mbao ya sanduku ni msonobari wa bei nafuu, hakuna mtu aloisugua mafuta. Ikikaa nje, jua linaivunja ile gundi ya asili inayoshika nyuzi, mvua inaiosha, inabaki kijivu. Hapo nyuzi zinasimama kweli, ukipitisha kidole unazisikia.

Njoo Mji Mkongwe utazame milango. Upande wa juu, chini ya kizingiti cha juu, mvua haifiki, mbao bado ya kahawia. Chini karibu na kizingiti cha miguu, kijivu kama jivu na imepasuka kwa urefu. Mlango mmoja, mti mmoja, rangi mbili.

Anza na kijivu chenye umanjano kidogo, usiweke kijivu cha zege. Kwaruza nyuzi kwenye plastiki yenyewe kwa msasa mkavu, ukivuta upande mmoja tu, kabla ya rangi. Halafu rangi ya mafuta nyeusi-kahawia iliyoyeyushwa kwa tapentaini iingie kwenye mikwaruzo, ufute ya juu. Misumari iweke kutu kidogo inayoshuka chini.

Skeli Kwanza #33

Kwenye masanduku nakubali nyuzi, hata 1/35. Mpasuko una upana wa milimita kadhaa kwenye kitu halisi, unaonekana mita kumi. Ubishi wangu ni kwa kitako kilichopakwa mafuta, na huko sijahama.

Koplo wa Karatasi #34

Wakuu, mmenipa kazi ya mwezi. Vanishi naiondoa, kitako narudia kwa mtindo wa Bi Nakshi, mgongo na ubavu vitatofautiana, na mbao ya mbele naipa wekundu zaidi. Upande mmoja nitauacha giza kama Maskati alivyosema, tuone.

Nimeongeza kitu: chini ya miguu ya askari nataka kuweka bunduki ya Kijapani, Arisaka, iliyoachwa kwenye tope. Hiyo nayo ni jozi?

Bolti na Singe #35

Mbao yao ilitofautiana, siwezi kukutajia mti mmoja. Chora kahawia yenye umanjano kidogo, tofauti na Lee-Enfield, jicho lipumzike.

Lakini kuna jambo usilikose. Kitako cha Arisaka hakikuwa ubao mmoja. Kiliunganishwa vipande viwili, cha juu na cha chini, na mstari wa kiungo unapita ubavuni kwa urefu wa kitako, kwenye nusu ya chini. Unaonekana wazi, na kwa tope na unyevu unaonekana zaidi.

Nai_Modela #36

Walifanya hivyo kubana mbao, si ndio? Kipande kidogo kinatosha.

Tezo na Randa #37

Inaweza kuwa ni nguvu. Kipande cha chini ukikichagulia ubao wenye nyuzi zinazofuata mteremko wa kitako, ncha yake haipasuki ikigonga ardhi. Nikipewa kazi hiyo hata mimi ningefikiria kuunga.

Bolti na Singe #38

Nimesikia zote mbili. Koplo, kwa 1/16 usiuchore mstari huo kwa brashi. Chukua penseli ngumu iliyochongwa vizuri, upige mara moja baada ya rangi ya mafuta kukauka, kisha nyuzi za juu na za chini ya mstari zielekee pande tofauti kidogo. Ni vipande viwili vya mti, visifanane.